Tulificha Onyo, Tukatoa Ufunguo: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Mafumbo Dodoma

Kisa hiki kilitokea Dodoma mjini. Jina la kikundi, ukumbi na tarehe nimeviacha, na kazi za watu watatu nimezibadilisha ili wasijulikane. Aliyeongoza mjadala usiku ule ni mimi. Ninawaandikia walimu, viongozi wa vikundi na yeyote anayewakusanya watu mbele ya filamu nzito, kwa sababu kosa tulilolifanya ni jepesi mno kulifanya, na waliolilipia hawakuwa sisi.

Usuli

Kikundi chetu hukutana mara moja kwa mwezi. Tunakodi ukumbi, tunapanga viti vya plastiki, tunatundika shuka jeupe, tunawasha projekta, na filamu ikiisha tunazungumza. Hatuna mfadhili, kiingilio ni mchango wa ukumbi na maji ya kunywa. Wanaokuja ndio Dodoma ya leo: wanafunzi wa vyuo, watumishi waliohamia na wizara zao, walimu, mafundi cherehani, wanakwaya, mzee mwenye shamba la zabibu, Wagogo na Warangi wa mkoa huu huu na wengi waliotoka mbali. Wakristo na Waislamu hukaa safu moja.

Tulikuwa na desturi tuliyoipenda: kabla ya filamu kuanza, hakuna anayesema lolote juu yake. Tuliita kutomharibia mtu uhondo. Kwa miaka miwili haikutuletea shida yoyote, maana tulionyesha filamu za Kibongo, za Kihindi, na za kesi na upelelezi. Ndipo mwanachama mmoja kijana, msomaji sana, akapendekeza mother! (yaani "mama!"), filamu ya mwongozaji Darren Aronofsky.

Filamu yenyewe

Lazima niisimulie, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Ilitoka mwaka 2017. Mke na mume wanaishi peke yao katika nyumba kubwa porini. Mume ni mshairi aliyekaukiwa na maneno. Mke anaikarabati nyumba hiyo kwa mikono yake, chumba kwa chumba. Anafika mgeni, mume anamkaribisha bila kumwuliza mke. Kesho yake anafika mke wa mgeni. Wanaingia chumba walichokatazwa na kuvunja kito ambacho mume anakithamini kuliko vitu vyote. Wanakuja watoto wao wawili wa kiume wakigombana, mmoja anamuua mwenzake. Wanakuja waombolezaji, wanakaa juu ya sinki ambalo mke amewasihi wasilikalie, linang'oka, maji yanafurika, wageni wanafukuzwa. Mke anapata mimba, mume anaandika shairi, shairi linapendwa, na watu wanafurika tena, safari hii kwa mamia: wanang'oa vitu vya nyumba, wanaabudu, wanapigana vita sebuleni. Mtoto anazaliwa. Mume anamtoa mtoto kwa umati, mtoto anauawa mikononi mwao, na wanamla. Mama anaichoma nyumba.

Wahusika hawana majina. Katika orodha ya mwisho wote wameandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa mume, aliyeandikwa "Yeye" kwa herufi kubwa. Mwongozaji mwenyewe alieleza waziwazi kwamba mama ni dunia, mume ni Mungu, wageni wa kwanza ni Adamu na Hawa, ndugu wawili ni Kaini na Abeli. Karibu muda wote kamera iko usoni au begani mwa Jennifer Lawrence, anayeigiza mama, na hakuna muziki wa kukuandaa kwa linalokuja. Mtazamaji hana pa kupumulia.

Huko ilikotoka nayo iligawanya watu. Kwenye tamasha la Venice, Septemba 2017, ilizomewa na kushangiliwa katika onyesho moja. Marekani ilitangazwa kama filamu ya kutisha, na watazamaji wa siku ya kwanza walipoulizwa na kampuni ya CinemaScore wakaipa F, daraja la chini kabisa na la nadra. Uingereza iliwekwa kwenye daraja la miaka 18. Haya yote tuliyajua kabla ya kuionyesha, na hayo ndiyo yananiuma zaidi.

Maamuzi kabla ya usiku ule

Tulikaa watu wanne. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuionyesha, na hadi leo sioni kwamba ulikuwa kosa. Ni kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na watu wetu wamelelewa na mafumbo tangu utotoni. Aliyepita shule akasoma habari za Karama na nchi inayoelea hewani katika Kusadikika ya Shaaban Robert anajua kwamba hadithi inaweza kusema jambo kwa kulizunguka.

Uamuzi wa pili ulikuwa lugha. Tulikuwa na maandishi ya Kiingereza tu chini ya picha, nasi hatutaki mtu akae kizani kwa sababu ya lugha. Kijana aliyependekeza filamu akajitolea kutafsiri papo hapo kwa maikrofoni, kama wafanyavyo kwenye vibanda vya video. Alikuwa ameiona mara tatu. Aliifanya kazi hiyo vizuri kupita tulivyotarajia, na baadaye nitaeleza kwa nini uzuri huo nao ulikuwa na gharama yake.

Uamuzi wa tatu hatukuufanya, ulijifanya wenyewe. Tangazo letu la WhatsApp lilikuwa la wanachama, likatumwa kwenye makundi mengine, na mlangoni hatukumrudisha mtu. Tulijiambia ni kikao cha wanachama. Lakini Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipite kwanza Bodi ya Filamu, na ukumbi uliojaa wageni usiowajua huwezi kuuita sebule yako. Hatukuuliza, na kwa kutouliza tukajinyima jicho la pili ambalo lingetuambia mapema: hii si ya kila umri.

Uamuzi wa nne ni kunyamaza. Fundi cherehani mmoja katika wale wanne alisema, "Kuna mambo ya mtoto mle ndani. Tuwaambie." Nilimjibu mimi, kwa maneno ninayoyakumbuka, kwamba tukisema tutakuwa tumeiua filamu. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye mwendesha mjadala.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, upepo wa Dodoma ukigonga mabati. Daftari la mlangoni lina majina 46. Miongoni mwao ni kijana wa miaka 15 aliyeletwa na kaka yake.

Saa ya kwanza ukumbi ulicheka. Hili sikulitarajia kabisa. Wageni wasio na haya, wanaofungua makabati, wanaovuta sigara ndani, wanaomwuliza mwenye nyumba kwa nini hajazaa: kila mtu alimjua mgeni wa namna hiyo. Mtafsiri alikuwa akitumia neno "karibu" kila mume alipowafungulia watu mlango, na kila "karibu" ilipokelewa kwa mguno mzito kuliko ya kabla yake. Mzee wa zabibu alisema kwa sauti, "Siku ya tatu imepita, jembe liko wapi?" Watu wakacheka, maana methali tunaijua. Sinki lilipong'oka na wageni kufukuzwa, ukumbi ulipiga makofi.

Nadhani kicheko hicho ndicho kilichofanya yaliyofuata yawe mazito. Watu walikuwa wamefungua mioyo na kumchukua yule mke kama dada yao.

Umati uliporudi, makofi yalikwisha. Mtoto alipopitishwa juu ya vichwa vya watu nilisikia sauti moja nyuma, kisha nyingine, kisha nyingi: "Mama! Mama!" Kwetu hicho ndicho kilio cha mtu aliyeumia au aliyeogopa, hata awe mzee wa miaka 70. Watazamaji walikuwa wakilitaja jina la filamu bila kujua. Wenye watoto walijifunika nyuso kwa khanga. Watu wakaanza kutoka, nilihesabu 14.

Wa kwanza kutoka alikuwa mama mmoja wa safu ya tatu. Hakukimbia. Alisimama, akatafuta mlango kwa mkono kama mtu aliye gizani, akatoka, akaketi kwenye ngazi. Dada anayetuuzia maji alimkuta pale akitetemeka, akamvika kikoi chake na kukaa naye. Mama huyo alikuwa amemzika mtoto wake mchanga miezi saba kabla. Hakuna kati yetu wanne aliyejua, na hatukuwa na sababu ya kujua; lakini tulikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba katika watu 46 yupo aliyezika.

Mwenzangu alinifuata, akaninong'oneza, "Tuzime?" Zilibaki dakika chache. Nilisema tuendelee, kwa hoja kwamba waliobaki wasiachwe kwenye picha mbaya kuliko zote bila kuona mwisho. Hoja hiyo bado naiona ina uzito. Lakini ningeweza kuwasha taa, kusimamisha kwa dakika tano, kuwaambia watu wanaotaka kutoka watoke kwa heshima, kisha kuendelea. Hilo halikunijia.

Dakika ya ufunguo

Taa zilipowaka hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa kwaya alisimama, akiwa amekunja mikono, akauliza, "Hiki mlichotuonyesha ni nini? Watu wanakula mtoto, mnatuita tukae tuangalie?" Pembeni vijana wawili walisema filamu ni kali sana, kwamba hawajawahi kuona kitu kama hicho. Mtu akawaambia hawana wazazi. Sauti zikapanda.

Wakati huo bibi mmoja kutoka Kondoa alikuwa ameshanyanyua mkono na kuanza. "Mimi nimemwona huyu mama ni ardhi," alisema. "Kule kwetu..." Sikumsikiliza. Nilikuwa naogopa kelele, na niliamini nina dawa yake mfukoni. Nikachukua maikrofoni nikaeleza kila kitu: huyu ni Mungu, hawa ni Adamu na Hawa, sinki ni gharika, mtoto ni Yesu, na ule ulaji ni meza ya Bwana. Nilimaliza kwa kusema, "Kwa hiyo tusikasirike, tukielewa fumbo tutaona."

Bibi aliketi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekasirishwa na ukatili. Sasa nilikuwa nimempa kufuru. "Kwa hiyo Mungu wangu ndiye huyo mume?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira tena bali ya mtu aliyejeruhiwa. Mzee wa Kiislamu aliyekuwa ametazama kwa utulivu hadi mwisho, akamwona mume mbaya na wageni wabaya, alisimama akasema kwamba kwake kumpa Mungu sura ya mtu ni jambo zito, na laiti angejua asingekaa. Alitoka bila kuaga. Nilikuwa nimebadilisha maana ya saa mbili za maisha yake baada ya kwisha kuziishi, na hakuwa na namna ya kuzirudisha.

Kisha mwanafunzi mmoja, kwa nia ya kunisaidia, akasema neno lililovunja kikao: "Tatizo hamjaelewa." Fundi cherehani mwingine, mwanamke wa makamo, akamjibu kwamba ameelewa vizuri sana, kwamba mwanamume hakumwuliza mkewe hata mara moja kama ruhusa ipo, na kwamba hahitaji chuo kumwona mwanamume wa hivyo. Akachukua mkoba wake. Waliosalia wakatawanyika.

Siku zilizofuata

Tulianza na yule mama. Mimi na mwenzangu mmoja wa kike tulikwenda kwake, tukamwambia kwamba tulijua kilichomo na hatukusema. Hatukuongeza utetezi wowote. Alisikiliza, akasema, "Mngeniambia tu. Ningekaa nyumbani siku hiyo." Tulikunywa chai, tukaondoka.

Kwa familia ya yule kijana wa miaka 15 nilikwenda peke yangu. Baba yake alinieleza kwamba mtoto amelala na taa imewashwa kwa siku nne. Nilistahili kila alichonieleza. Mwenye ukumbi alikataa kutukodisha tena, na kwenye kundi la WhatsApp watu tisa walijitoa, wengine kwa kimya, wengine kwa ujumbe mrefu. Watano hawajarudi.

Baada ya wiki mbili tuliitisha kikao cha mazungumzo tu, bila filamu, mchana, uani kwa mwanachama mmoja. Walikuja 17. Nilianza kwa kuomba radhi, kisha nikamwomba bibi wa Kondoa amalizie sentensi niliyoikata.

Alizungumza kwa nusu saa. Alikulia vilima vya Irangi, kwenye makorongo ambayo mvua ilikuwa ikiyachimba hadi ng'ombe anatumbukia. Alieleza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo yote ilivyoondolewa katika eneo lililoharibika. Baba yake alilia kwa ajili ya ng'ombe. Miaka ikapita, majani yakarudi, miti ikarudi, makorongo yakatulia. "Yule mama alikuwa akisema kila siku: msikalie hapo, bado sijapafunga," alisema. "Ardhi nayo husema hivyo. Sisi tulitolewa kwa nguvu, tukachukia, lakini ikapona. Wao walimngoja hadi akachoma."

Mzee wa zabibu naye alikuwa na yake. Kwake filamu ilikuwa habari ya mji huu: mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yaje Dodoma, na tena 2016 serikali ilipotangaza kuhamia, na kila mara mashamba ya watu yakawa viwanja. "Mume anasema karibu, maana sifa ni zake," alisema. "Anayefua mashuka ya wageni ni mwingine." Mtumishi mmoja aliyehamia kutoka Dar es Salaam alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hajawahi kujiona kama mgeni wa mtu.

Mwalimu wa kwaya alikuja pia. Hakubadilisha msimamo, na sikumtaka abadilishe. Alisema anaamini msanii ana ruhusa ya kumlilia Mungu hata kwa ukali, Zaburi zimejaa vilio hivyo, lakini anayemlilia Mungu hubaki akizungumza naye, na filamu hii haizungumzi naye, inamshitaki tu. Nimesoma maoni mengi ya wahakiki juu ya filamu hiyo, na sijaona hoja iliyonifikirisha kama hiyo.

Uchambuzi

Nimejiuliza kwa nini uani palizaa mazungumzo na ukumbini paliwaka moto, ilhali filamu ni ileile na watu ni walewale. Jibu langu ni kwamba usiku ule tulichanganya vitu viwili: onyo na ufunguo. Onyo humwambia mtu kitakachogusa mwili na jeraha lake: kuna mtoto anauawa, kuna umati unaompiga mwanamke. Ufunguo humwambia mtu maana. Onyo ni haki yake kabla hajaketi, kwa sababu bila hilo hajachagua kuketi. Ufunguo ni kazi yake mwenyewe, na akinyang'anywa kazi hiyo hubaki na machukizo matupu. Sisi tulizuia onyo ili kulinda uhondo, kisha tukatoa ufunguo ili kutuliza kelele. Tulipaswa kufanya kinyume chake.

Mababu zetu walilijua hili kuliko mimi. Kwenye kitendawili, mtegaji hatoi jibu kwa sababu wasikilizaji wamenuna. Anangoja wajaribu, wakosee, wajaribu tena, na wakishindwa anadai mji kwanza. Mji ule ni alama kwamba walioshindwa wamekubali wenyewe kupokea jibu. Mimi nilitoa jibu ambalo hakuna aliyeliomba, juu ya watu waliokuwa bado wanategua. Na jibu la mwongozaji, hata likiwa sahihi, halikuwa limebeba makorongo ya Irangi wala viwanja vya Dodoma.

Neno "hamjaelewa" linahitaji kusemwa peke yake. Filamu ya mafumbo huvuta neno hilo kama sukari ivutavyo siafu, maana huwapa waliosoma nafasi ya kugeuza maumivu ya mwenzao kuwa upungufu wa akili. Yule fundi cherehani alikuwa ameelewa. Yule mama wa ngazini alikuwa ameelewa kupita sote. Anayeongoza kikao akilisikia neno hilo alikatize papo hapo.

Tafsiri ya mdomo ilifanikiwa, na mafanikio yake yalitufundisha jambo. Mtafsiri mwenye moyo huipeleka hadithi karibu na mtu. Yale "karibu" ya kijana wetu yaliifanya nyumba ya porini iwe nyumba ya Chang'ombe au Kikuyu, mitaa ya hapa hapa Dodoma. Ilipofika saa ya ukatili, umbali ambao maandishi ya Kiingereza yangeuacha haukuwepo. Simlaumu hata kidogo, ila mtafsiri wa filamu kama hiyo anahitaji kujua mapema wapi apunguze sauti, na wapi anyamaze kabisa.

Kuhusu kuzima au kutozima, wenzangu watatu wanasema tulipaswa kuzima. Mimi bado nasema kusimamisha na kuwasha taa kungetosha. Hatujakubaliana.

Tunavyofanya sasa

Filamu nzito hatuionyeshi bila watu wawili kuitazama kwanza, na mmoja wao lazima awe mtu asiyeipenda. Tumeanza kufuata taratibu za Bodi ya Filamu badala ya kujificha nyuma ya neno "wanachama". Umri unaulizwa mlangoni. Onyo linasemwa kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sauti, na dakika ya tukio inatajwa. Baada ya filamu anayeongoza haruhusiwi kusema maana yoyote hadi watu watano wawe wamesema ya kwao.

Yule mama alirudi mwezi wa sita baada ya usiku ule. Alisimama mlangoni akaniuliza, kabla hata ya kuniamkia, "Kuna mtoto humo?" Nilimwambia upo msiba wa mtoto, dakika ya 50 hivi, unachukua kama dakika 4. Alichagua kiti cha pembeni karibu na mlango. Ilipofika dakika ya 48 alinyanyuka akatoka, akakaa na dada wa maji. Kisha nikamwona amerudi, amekaa palepale, amejifunika kikoi, anatazama.